Mwongozo kamili: namna ya kumfikishia huduma mzee, mtu mwenye ulemavu na kaya maskini vijijini Kigoma

Kwenye makaratasi, nchi yetu haijawasahau wanyonge. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Sera ya Afya ya 2007 inataka mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza watibiwe bila malipo. Sheria ya Mtoto ni ya 2009, ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Lakini panda boti Ziwa Tanganyika ushuke mwambao wa Uvinza, Sunuka hadi Kalya, au kwea milima ya Buhigwe, utamkuta bibi ambaye hakuna hata moja kati ya hizo iliyowahi kumfaa. Mara nyingi hakuna aliyemkatalia. Hajaandikwa popote, basi, na huduma zetu hutoka kwa majina: daftari la kaya, orodha ya walengwa, rejesta ya zahanati.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye jina. Vingine vyote nitakavyoeleza hapa, barua, vikao, malalamiko, vinasimama juu ya hilo.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kijijini mwenye nia: mjumbe wa serikali ya kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kiongozi wa kikoba, mwalimu, au kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado yupo nyumbani. Nimeuandika kwa mazingira ya Kigoma, mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu karibu milioni 2.5. Msomaji wa Tabora atabadilisha machache tu. Penye wavuvi aweke warina asali na wakulima wa tumbaku.

Hatua ya kwanza: andikeni daftari lenu, nyumba kwa nyumba

Msianze na orodha iliyopo ofisini kwa mtendaji. Ile iliandikwa na watu waliokuwa na haraka, na ukiichunguza utaona imejaa majina ya walio jirani na barabara, shule na ofisi yenyewe. Nunueni kaunta buku moja, mgawane vitongoji, mwende wawili wawili. Katika kila wawili awepo mwanamke. Na katika timu nzima awepo angalau mtu mmoja mwenye ulemavu, kwa sababu yeye anajua nyumba ambazo wengine hawaambiwi ukweli.

Swali la kuuliza mlangoni si "hapa kuna mlemavu?" Ukiuliza hivyo utajibiwa hakuna, hata kama mtoto yuko chumba cha ndani. Ulizeni kazi ambazo mtu anazishindwa. Nani hapa hawezi kufika kisimani na kurudi mwenyewe? Nani haoni vizuri jioni? Nani mnamwita mara tatu ndiyo anageuka? Nani anahitaji kusaidiwa kuoga au kuvaa? Kuna mtoto aliyefikisha miaka saba hajaenda shule? Majibu yatakuja yenyewe, tena mengine yatawashangaza hata wenye nyumba.

Wapo watu ambao hupotea kila orodha inapoandikwa. Wa kwanza ni mzee anayeishi uani kwa mwanawe mwenye duka. Kaya inaandikwa "ina uwezo", na mzee anahesabiwa tajiri wakati hana hata ya chumvi. Wengine ni watoto wanaolelewa na bibi baada ya mama kwenda mjini kutafuta maisha, na mjane aliyerudi kwao ambaye ndugu wanamhesabu mgeni. Kuna familia zinazohama na samaki, leo wako mwalo huu, mwezi ujao mwingine, kila kijiji kinasema hao si wetu. Na mwenye matatizo ya akili huwa anajulikana na kijiji kizima kwa jina la utani, jina lake kamili hakuna alijuaye. Lisakeni hilo jina kamili hata kama itawachukua siku nzima.

Safu za daftari zisiwe nyingi. Jina kamili, kitongoji, mwaka wa kuzaliwa, anaishi na nani, anashindwa nini, ana karatasi gani mkononi (namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzee, kadi ya kliniki), na huduma gani alishawahi kuifuata akarudi mikono mitupu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayowapa kazi ya mwaka mzima.

Umri ni tatizo lake peke yake. Wazee wengi wa vijijini hawajui mwaka waliozaliwa, na kitambulisho cha mzee kinaanzia miaka 60. Tumieni matukio. Aliyezaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, alifikisha 60 mwaka 2021. Anayekumbuka akibeba vyombo kichwani familia ilipohamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji, 1974, akiwa tayari na mtoto mgongoni, hana ubishi. Aliyekuwa mtu mzima, ameshaoa au kuolewa, wakati wa Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, naye amevuka. Andikeni tukio lenyewe kwenye daftari pamoja na mwaka mliokisia, ili afisa akihoji muwe na la kumweleza.

Mambo mawili hayaandikwi. Hali ya mtu ya virusi vya ukimwi isiguswe kabisa. Hiyo ni siri yake na zahanati. Na daftari lenye majina na makazi ya watu wenye ualbino lisipigwe picha wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Mkoa huu na mikoa jirani imeshuhudia watu wakikatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina. Kuna watoto waliohamishiwa Kabanga, Kasulu, kulindwa kwa sababu hiyo. Daftari likae kwa mtu mmoja, ndani ya kufuli.

Muda wa kupita nao una hesabu zake. Mwambaoni dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo ukienda wakati huo utawakuta wanaume wamelala mchana na wanawake wako kwenye vichanja wakianika. Subirini mbalamwezi. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu taa hazina kazi, mitumbwi inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu na wana muda wa kuongea. Juu huku Kasulu, Kibondo na Kakonko, mvua zikishaanza msipite asubuhi. Alasiri watu wamesharudi kutoka shamba, na mzee aliyeachwa peke yake tangu alfajiri atafurahi kupata wageni.

Hatua ya pili: daftari lipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Vijiji vingi haviufanyi. Basi mwombeni mwenyekiti kwa maandishi, na nakala mpe mtendaji wa kata. Daftari lisisomwe ugonjwa kwa ugonjwa mbele ya watu. Someni majina na kitongoji tu, halafu mwulize: nani amesahauliwa? Hapo ndipo atainuka mama mmoja nyuma kabisa na kutaja jina ambalo hamkulipata.

Mnachokitafuta pale ni muhtasari wenye mhuri. Daftari lenu ni la watu binafsi, afisa anaweza kulitazama na kulirudisha. Muhtasari wa mkutano mkuu ni uamuzi wa kijiji. Hakikisheni umeandikwa idadi ya waliohudhuria, idadi ya majina yaliyopitishwa, na nani amepewa kazi ya kufuatilia. Ombeni nakala siku hiyohiyo. Ukiambiwa njoo wiki ijayo, kesho yake asubuhi uwe ofisini.

Katika mkutano huohuo ulizieni kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji. Sheria ya 2010 inazitaka kamati hizo kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, na kwingi zipo kwa jina tu. Ichagueni papo hapo, na wajumbe wake wawe watu wenye ulemavu wenyewe na wazazi wa watoto wenye ulemavu. Siyo kila nafasi ipewe mtu aliyekosa udiwani.

Hatua ya tatu: makaratasi, na hapa Kigoma yana ugumu wake

Namba ya NIDA imekuwa mlango wa kila kitu. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, asiye na namba hiyo hana laini kwa jina lake. Asiye na laini hana akaunti ya pesa kwenye simu. Matokeo yake ruzuku au msaada wake unapitia simu ya mtu mwingine, na wote tunajua kinachotokea njiani. Kwa hiyo kabla ya kuhangaikia huduma yenyewe, hesabuni kwenye daftari ni wangapi hawana namba, mwaombee siku moja ya kuandikishwa kijijini au kata ya jirani badala ya kila mmoja kujigharamia nauli ya kwenda wilayani. Maombi ya namna hiyo yaende kwa ofisi ya NIDA ya wilaya kupitia mtendaji wa kata, yakiambatana na muhtasari. Watu thelathini mahali pamoja ni hoja. Mzee mmoja mlangoni si hoja.

Mkoa wetu uko mpakani, na mwombaji anahojiwa uraia na Uhamiaji. Maswali haya huwatisha watu wazima, hasa bibi anayeongea Kiha na Kiswahili cha kuunga. Ameishi Heru Juu maisha yake yote, anaulizwa jina la babu yake mzaa baba na alikozikwa, anababaika, na kubabaika kunaandikwa. Mwandaeni. Kaeni naye nyumbani siku mbili kabla mkumbushane ukoo: wazazi, walikozaliwa, walikozikwa, kaka na dada walioko hai. Mtafuteni mzee wa ukoo au jirani wa miaka mingi aende naye kama shahidi. Bebeni chochote cha zamani chenye jina: cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba cha mwanawe, kadi ya chama, risiti ya kodi ya zamani, kadi ya kliniki. Usimfundishe uongo hata mdogo. Jibu la "sijui" lina nafuu kuliko jina la kubuni litakalokinzana na la kaka yake aliyehojiwa mwaka jana.

Vidole pia husumbua. Aliyeshika jembe au kamba ya nyavu miaka hamsini, alama zimefutika, na mashine inamkataa. Mwombeni afisa ajaribu vidole vyote kumi, na ikishindikana aandike tatizo hilo kwenye fomu badala ya kumwambia mtu arudi siku nyingine bila maelezo. Na mkumbuke kwamba kadi ikichelewa, namba yenyewe ya tarakimu 20 inatosha kwa mambo mengi. Iandikeni kwenye daftari na kwenye karatasi atakayokaa nayo mwenyewe.

Watoto ni rahisi zaidi. Kwa walio chini ya miaka mitano, mpango wa usajili wa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, unafanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo, na cheti hutolewa palepale. Msisubiri mtoto afike darasa la kwanza.

Kitambulisho cha mzee cha matibabu bure kinatolewa na halmashauri kupitia ustawi wa jamii. Hapa ndipo muhtasari wenu unapofanya kazi: mpelekeeni afisa ustawi wa jamii orodha nzima ya wazee na picha zao ndogo, kwa mpigo. Fundi picha mmoja akiitwa kijijini siku ya mkutano anawamaliza wote kwa bei ya kuelewana.

Hatua ya nne: zahanati, na lile dirisha la dawa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo msamaha wa matibabu unapofia.

Bibi amefika saa mbili asubuhi na kitambulisho chake. Foleni ya wazee ipo, tangazo la kumpisha mzee kwanza limebandikwa ukutani, daktari amemwona vizuri tu. Anafika dirishani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi, hizi mbili hatuna. Hii moja ndiyo ipo. Hizo nyingine utanunua pale nje."

Bibi anakunja karatasi, anaifunga kwenye pindo la khanga, anaondoka. Amehudumiwa bure. Kwenye rejesta ya zahanati ni mgonjwa aliyepata msamaha, na taarifa ya mwezi itasema hivyo. Dawa za presha hakuzipata, na "pale nje" ni duka ambalo hana pesa ya kuingia.

Mfundisheni kila mwenye msamaha jambo moja: asiondoke dirishani na karatasi tupu. Aombe kwa adabu mhudumu aandike "haipo" mbele ya kila dawa iliyokosekana, na tarehe. Wahudumu wengi wataandika, kwani wao hawana kosa. Dawa kweli haipo. Karatasi hizo zikusanyeni. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na kitu ambacho hakuna malalamiko ya mdomo yanayoweza kufanana nacho: dawa gani, mara ngapi, kwa nani.

Kisha zipelekeni kwenye kamati ya usimamizi ya kituo. Kila zahanati ina kamati yenye wawakilishi wa wananchi, na fedha nyingi za uendeshaji sasa zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, siyo tena kupitia halmashauri. Maana yake kamati ina sauti juu ya kinachonunuliwa. Kama dawa za presha na kisukari za wazee zinakosekana kila mwezi huku kituo kikipaka rangi uzio, hilo ni swali halali la kuuliza kikaoni. Ulizeni bila kumshambulia mganga mfawidhi. Mkimgeuza adui, atakayeumia kwanza ni bibi yuleyule.

Rufaa ina mtego wake. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya wilaya au Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, aondoke na barua mbili: ya rufaa kutoka zahanati, na ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba hana uwezo. Akifika, kabla ya kupelekwa kwenye vipimo, msindikizaji amtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ukianza na vipimo halafu ndiyo umtafute ustawi, bili imeshasomeka kwenye mfumo, na kuifuta kunahitaji saini nyingi kuliko kuizuia.

Msindikizaji ajue lugha ya mgonjwa. Bibi wa Kiha akiulizwa kwa Kiswahili cha haraka maumivu yanaanzia wapi, anajibu "ndiyo". Kwa kiziwi, ndugu anayejua ishara za nyumbani aende naye, lakini mhudumu akumbushwe kumtazama mgonjwa mwenyewe anapozungumza. Yapo mambo ambayo msichana kiziwi hawezi kuyasema kupitia kaka yake. Kwa hayo mtafuteni dada au shangazi.

Kwa mjamzito na mtoto mchanga kuna usafiri wa dharura wa m-mama, namba 115, bila malipo. Iandikeni kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na mjaribu mapema kama mtandao unashika hapo kwenu. Vipo vitongoji vya mwambao ambako simu inapatikana kwenye mwamba mmoja tu. Basi kila mtu aujue mwamba huo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mkazi awe na bima, na imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Utaratibu huo nao utategemea nani ametambuliwa kuwa hana uwezo. Kijiji chenye daftari safi kitakuwa mbele.

TASAF

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hutoa ruzuku kwa kaya maskini. Utambuzi wa kaya hizo unaanzia kwenye mkutano wa kijiji, halafu kaya zinajaziwa dodoso, kisha majina yanarudi kusomwa kwa wananchi. Hatua ya mwisho ndiyo watu wengi hawahudhurii, wakidhani mambo yameshaisha. Nendeni. Hapo ndipo jina la mwenye nyumba ya bati na pikipiki mbili linaweza kupingwa, na la aliyesahaulika kuongezwa. Uandikishaji mpya haufanyiki kila mwaka, kwa hiyo ukipitwa unasubiri sana.

Mwambaoni kuna jambo ambalo dodoso halilioni vizuri. Umaskini wa kaya ya mwanika dagaa unapanda na kushuka. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mama aliyekuwa anajilisha kwa kichanja chake aliishi miezi mitatu kwa kukopa. Mwelezeni mjazaji wa dodoso hali ya mwaka mzima, siyo ya wiki ile dagaa walipokuwa wengi.

Na mlengwa asiyeweza kufika kituo cha malipo achague mwenyewe mwakilishi, mbele ya kamati, jina liandikwe. Asiteuliwe na mtendaji.

Shule

Ada haipo tangu 2016 hadi kidato cha nne, na baadaye ikaondolewa kidato cha tano na sita. Kinachomfungia mtoto mlangoni siku hizi ni sare, michango ya chakula, na umbali. Kwa mtoto mwenye ulemavu ongezea ngazi za darasa na choo kisichoingilika. Halmashauri ina afisa elimu maalum; mwandikieni yeye moja kwa moja, nakala kwa mwalimu mkuu, mkitaja idadi ya watoto na aina ya ulemavu. Wapo watakaofaa kubaki shule ya kijijini, wapo watakaohitaji bweni kama Kabanga Maalum. Bweni lisiwe jibu la kwanza. Mtoto wa miaka saba kuondolewa kwa mama yake kwa sababu tu shule ya jirani haikutaka kujenga mteremko wa saruji, mimi siuiti msaada.

Mtoto mwenye ualbino darasani anahitaji dawati la mbele lisilopigwa na jua la dirishani, kofia pana na mikono mirefu hata kama sare inasema vingine, na karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa. Hayo hayahitaji bajeti ya wizara.

Maji, na mikopo ya halmashauri

Chombo cha watumia maji kijijini kina kamati yake chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Pelekeni hoja kikaoni: kaya kadhaa zilizomo kwenye daftari zichote bure ndoo fulani kwa siku, na msimamizi wa bomba aoneshwe orodha. Kijiji kikikubali kwenye mkutano, hakuna anayeomba hisani tena. Angalieni na kilula chenyewe. Koki iliyo juu ya kizingiti cha matofali mawili ni ukuta kwa mwenye baiskeli ya magurudumu matatu.

Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inagawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Ushauri wangu ni mfupi: msimsukume mtu kukopa kwa sababu tu fungu lipo. Anayehitaji dawa na chakula apewe msamaha na ruzuku kwanza. Mkopo ni wa mwenye biashara ya kuendeleza.

Wakimbizi

Walioko kambini wana utaratibu wao chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR), hawaingizwi kwenye daftari la kijiji. Lakini mjamzito akidondoka njiani karibu na zahanati yenu, huyo ni mgonjwa kwanza. Maswali ya kambi yatafuata akishajifungua.

Mkikataliwa

Nendeni ngazi kwa ngazi, kila mara kwa barua: mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, idara husika halmashauri, mkurugenzi, kisha mkuu wa wilaya. Diwani apate nakala kila hatua. Barua iwe fupi namna hii:

"Mnamo tarehe … mzee … wa kitongoji cha …, mwenye kitambulisho cha matibabu bure Na. …, alifika kituo cha … akatozwa shilingi … kwa ajili ya …. Risiti imeambatishwa. Tunaomba maelezo ya maandishi na marejesho ya fedha ndani ya siku 14. Nakala: Mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ya kituo, Diwani wa kata."

Hakuna haja ya "tumesikitishwa sana" wala mistari kumi ya kutukuza viongozi. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, la sivyo barua haikuwahi kufika.

Kama kuna hongo, TAKUKURU ni 113, haina gharama. Mtoto anayepigwa, kufungiwa ndani au kutumikishwa, pigeni 116. Kwa ukatili wa kijinsia nendeni dawati la jinsia na watoto polisi. Mirathi na ardhi ya mjane mpelekeni kwa msaidizi wa kisheria; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Na bibi anayeishi peke yake akianza kuitwa mchawi, msisubiri barua wala kikao. Macho yake mekundu ni ya moshi wa kuni, hilo mnalijua. Jioni hiyohiyo alale kwa jirani au ndugu, na polisi wajulishwe kwa jina la anayemtuhumu.

Nauli

Hapa ndipo kamati nyingi huishia. Kumpeleka mzee mmoja Maweni kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa ni boti kwenda na kurudi, chakula, na mahali pa kulala kwa wawili. Halmashauri haina fungu la msindikizaji. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii unaotumika kwenye misiba na maradhi ya wanachama. Ongeeni na viongozi wao kila kikoba kitenge kidogo kila mwezi kwa ajili ya wasio wanachama waliomo kwenye daftari. Misikiti na makanisa waulizwe vilevile, na mwenye boti aombwe nafasi moja ya bure kwa safari ya mgonjwa mwenye barua ya mtendaji. Wengi hukubali wakiona barua na mhuri. Fedha hiyo iwe na mweka hazina wake, asiwe yule anayetunza daftari. Kila safari iandikwe: nani alipelekwa, nani alimsindikiza, shilingi ngapi zilitoka, na tiketi ikabidhiwe kabla ya safari inayofuata.